Haile Gerima: Mhabeshi aliyegoma kuuza filamu zake (uzi mrefu)

Mkanda Mama (mleta uzi)

Wakuu na akina dada, salaam. Chemsheni chai kabisa, uzi ni mrefu na nitaushusha kwa vipande.

Niseme kwanza kwa nini naandika. Mwaka 2009 nilitengeneza filamu yangu ya kwanza. Kamera ya kuazima, waigizaji majirani, na mama yangu mzazi akicheza bibi mwenye nyumba. Msambazaji mmoja akanipa hela ya mkupuo, nikasaini karatasi isiyofika kurasa mbili, nikamkabidhi masta, yaani nakala mama ya filamu. Filamu ikauzwa kwa DVD nchi nzima na mimi sikuona shilingi nyingine. Hilo nilishalimeza. Lililonikaa rohoni lilikuja miaka sita baadaye. Mama alipofariki nilirudi kuomba nakala safi, ili wajukuu wamwone bibi yao akitembea na kucheka. Nikajibiwa kwamba kazi ile si yangu tena, na masta yenyewe haijulikani ilipo. Nakala niliyonayo leo ni DVD yenye mikwaruzo. Inakwama dakika ya 40, kabla mama hajaingia mara ya pili.

Tangu siku ile, nikisikia sifa za mwongozaji yeyote, nauliza kwanza filamu zake ziko mikononi mwa nani. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Haile Gerima, na tangu nimfikie sijaondoka.

Mkanda Mama

Gerima alizaliwa mwaka 1946 Gondar, kaskazini mwa Ethiopia. Mama yake alikuwa mwalimu. Baba yake alikuwa mwandishi wa tamthilia, akizunguka vijijini na kundi lake kuigiza mambo ya nchi yao. Kwa hiyo nyumbani mtoto analishwa hadithi za kwao, na mjini kuna jumba la sinema linaloonyesha za Hollywood. Amesimulia mwenyewe kwamba yeye na wenzake wakicheza milimani, wote walikuwa makaboi, hakuna aliyetaka kuwa Mhindi Mwekundu. Na kwenye filamu za Tarzan, Waafrika wakimnyemelea kwa nyuma, watoto wa Gondar walikuwa wakipiga kelele kumwonya Tarzan.

Wakuu, hebu tulieni hapo kidogo. Hii ni nchi iliyompiga Mtaliano pale Adwa mwaka 1896, na watoto wake wanamwonya Mzungu kwamba Waafrika wanakuja. Mimi nimekulia Tanga, kwenye mabanda ya video, nikiwashangilia makomando wa Kimarekani mpaka sauti inakauka. Nilipomsikia mzee huyu akisimulia habari ya Tarzan niliona aibu, halafu nikapata nafuu. Kumbe tulikuwa wengi.

Mwaka 1967 akaenda Marekani kusomea maigizo Chicago. Huko hakupata alichofuata. Sehemu za mtu mweusi jukwaani zilikuwa ndogo na za kutumwatumwa. Akahamia Los Angeles, chuo cha UCLA, na mwaka 1970 hivi akaiacha njia ya jukwaa akashika kamera.

UCLA ya wakati ule ilikuwa na joto lake. Mtaa wa Watts, mjini humo humo, ulikuwa umelipuka Agosti 1965 na watu 34 wakafa. Wanafunzi weusi, Walatino, Waasia na Wahindi Wekundu wakadai nafasi katika idara ya filamu, na mwalimu mweusi aitwaye Elyseo Taylor akawa miongoni mwa waliowafungulia mlango. Wakaingia akina Charles Burnett, Larry Clark, Ben Caldwell, Billy Woodberry, Julie Dash. Mhabeshi mwingine, Teshome Gabriel, alifundisha pale nadharia ya sinema za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Miaka mingi baadaye mwanazuoni Clyde Taylor alilipa kundi hilo jina la L.A. Rebellion. Sisi tuseme Waasi wa Los Angeles.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Mswahili hawezi kulipita. Mmoja wa waasi hao alizaliwa akiitwa Walter Gordon. Akabadili jina, akajiita Jamaa Fanaka. Ndiyo, jamaa na fanaka, Kiswahili chetu hiki hiki. Alitengeneza filamu ndefu tatu akiwa bado mwanafunzi, na ya tatu, Penitentiary ya mwaka 1979, ikawa moja ya filamu huru, yaani zilizotengenezwa nje ya makampuni makubwa, zilizoingiza fedha nyingi Marekani kipindi kile. Na mke wa Haile Gerima, mwongozaji na mtayarishaji kwa haki yake mwenyewe, anaitwa Shirikiana Aina. Shirikiana. Weusi wa Marekani wa kizazi kile, wakitafuta majina ya kujivika upya, wengi walikuja kuchota kwetu. Huyu mama amelibeba neno hilo maisha yake yote, na mkifika mwisho wa uzi mtaona amelitendea haki.

Fundi Taa

Mkuu nipo, nimekaa mbele kabisa. Swali la kifundi: wanafunzi wasio na hela walirekodije kwenye filamu halisi? Mimi nilijifunza kazi kwa mzee aliyewahi kushika kamera za mkanda. Alikuwa akisema kila sekunde unaisikia inatoka mfukoni.

Mkanda Mama

Fundi, mzee wako alisema kweli. Walitumia mkanda wa milimita 16, na mara nyingi nyeusi na nyeupe kwa sababu ni nafuu kununua na nafuu kusafisha. Rili ya futi 400 inakupa dakika 11 hivi, basi. Baada ya hapo unaipeleka maabara, unalipia kusafisha, unalipia kuchapa nakala ya kuhariria, na sauti ina gharama zake mbali. Ukirudia tukio mara tano umekula rili.

Walichokuwa nacho ni wao kwa wao. Leo mimi naongoza wewe unashika kamera, kesho wewe unaongoza mimi nashika kipaza sauti. Burnett, ambaye mwenyewe aliitengeneza Killer of Sheep kwa chini ya dola 10,000, ni mmoja wa walioshika kamera kwenye Bush Mama ya Gerima. Vifaa vilikuwa vya chuo. Muda ulikuwa Jumamosi na Jumapili.

Bush Mama ni habari ya Dorothy, mwanamke mjamzito wa Watts. Mumewe karudi kutoka vita vya Vietnam, akafungwa kwa kosa ambalo si lake, na maofisa wa ustawi wa jamii wanamsukuma Dorothy aitoe mimba. Dorothy anachezwa na Barbara O. Jones. Sijaona uso uliobeba uchovu namna ile kwenye sinema yoyote. Mwanzoni kabisa utaona polisi wamewasimamisha vijana weusi barabarani wanawapekua. Hilo halikuigizwa. Ni kundi la Gerima lenyewe, lilisimamishwa na polisi wa Los Angeles likiwa kazini, kamera ikaendelea kuzunguka. Gerima akaliweka kwenye filamu yake kama lilivyo.

Binti Pangani

Samahani kaka Mkanda Mama, pole sana kwa habari ya mama. Nimeisoma mara mbili.

Mimi ni mtayarishaji mdogo tu, nina filamu moja ya saa moja na nusu, imekamilika tangu mwezi wa pili na imelala kwenye diski. Kuna mtu amenitajia bei. Ndiyo maana nausoma uzi huu kwa makini. Endelea tafadhali.

Mkanda Mama

Asante dada. Hiyo diski itengenezee nakala ya pili leo leo, uiweke nyumba nyingine. Kisha tuendelee.

Mwaka 1974, akiwa bado mwanafunzi, Gerima alirudi Ethiopia wakati wa likizo ya kiangazi. Nchi ilikuwa inachemka. Haile Selassie alikuwa anaporomoka, na Septemba mwaka ule wanajeshi wakamwondoa. Katika upenyo huo, kabla milango haijafungwa, Gerima akarekodi Mirt Sost Shi Amit, yaani mavuno ya miaka 3,000. Wiki mbili za kurekodi, kwa Kiamhari, nyeusi na nyeupe, na wengi wa waigizaji hawakuwa waigizaji bali wakulima wa kweli. Kikazi, filamu ya dakika 150 kwa wiki mbili ni kichaa. Ukiiangalia, hata hivyo, huoni haraka popote. Unaona familia ya wapangaji inalima shamba la bwana. Bwana mwenye shamba amekaa kwenye kiti mlimani, amevaa vizuri, anawafokea kutwa nzima. Kuna mtu aitwaye Kebebe, aliyenyang'anywa ardhi yake, na kijiji kinamwita mwendawazimu kwa sababu anasema kweli kwa sauti kubwa. Na kuna binti anayechunga ng'ombe wa bwana huku mvua kubwa inakuja. Sitasema zaidi. Mwenye kulelewa shambani ataangalia tukio lile la mafuriko akiwa ameshika kitu.

Filamu ilitoka mwaka 1976, ikazunguka matamasha ya Ulaya na jina lake likajulikana. Hapo ndipo wengi wetu tungeanza kusubiri simu kutoka Hollywood. Yeye mwaka 1975 alikuwa ameshaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha kihistoria cha watu weusi, na akabaki hapo miongo kwa miongo. Wanafunzi waliopita mikononi mwake ni hazina. Arthur Jafa, aliyeipigia kamera Daughters of the Dust ya Julie Dash. Bradford Young, aliyepiga Selma, na baadaye akateuliwa kuwania Oscar kwa kazi ya kamera kwenye Arrival.

Mzee wa Matinee

Kijana, uzi mzuri, ila nina neno. Umesema mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mtu mwenye mshahara kila mwezi anaweza kugoma kuuza. Sisi wenye watoto na kodi ya nyumba tunauza ili tule. Usiwape vijana moyo wa mtu aliyekuwa na mgongo wa kuegemea. Mimi nimefanya kazi hii tangu enzi za mikanda ya VHS, nimeona vijana wazuri wakifilisika kwa kushikilia kazi moja miaka minne.

Mkanda Mama

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito, sitaizunguka. Ni kweli. Howard ndiyo iliyomlisha, na bila mshahara ule sidhani tungekuwa na filamu hizi. Yeye mwenyewe hajauficha ualimu wake.

Ila naomba uangalie na upande wa pili wa mizani. Mshahara wa mwalimu hautengenezi filamu ndefu. Uliweka ugali mezani, na filamu zikabaki kujitafutia njia. Ndiyo maana ukihesabu filamu zake ndefu za hadithi tangu 1976 hadi leo, vidole vya mkono mmoja vinatosha: ile ya mavuno, Bush Mama, Ashes and Embers ya mwaka 1982, Sankofa ya 1993, Teza ya 2008. Zingine ni za kumbukumbu halisi, kama ile ya vita vya Adwa mwaka 1999. Kati ya Sankofa na Teza ni miaka 15. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, mzee wangu, na ni kubwa. Kuna filamu ambazo hatutaziona kamwe kwa sababu muda wake uliishia kwenye kutafuta fedha na kuhangaika na usambazaji. Hilo linaniuma, na sitalipamba.

Na kuhusu kuuza ili ule: mimi niliuza nikala. Nilikula miezi mitatu.

Mzee wa Matinee

Marahaba. Nimekuelewa. Endelea na Sankofa, maana ndiyo nimeingojea.

Mkanda Mama

Sankofa. Hapa nitakaa.

Neno ni la Waakan wa Ghana, maana yake rudi ukachukue. Alama yake ni ndege anayekwenda mbele huku shingo imegeuka nyuma. Filamu inaanza kwenye ngome ya watumwa pwani ya Ghana. Mona, mwanamitindo mweusi kutoka Marekani, anapigwa picha na Mzungu mchangani, chini ya kuta zile zile walipofungiwa watu. Anatokea mzee mpiga ngoma, amejipaka udongo mweupe, anamkemea arudi alikotoka. Mzee huyo ni Kofi Ghanaba, mpiga ngoma mkubwa wa Ghana, na ukimwona utasadiki kwamba ngoma ile inaita wafu. Mona anaingia ndani ya ngome, giza linamfunika, na anajikuta ni Shola, mtumwa wa nyumbani kwenye shamba la miwa ng'ambo ya bahari. Hana tena hati ya kusafiria wala jina. Kuna Nunu, mama wa Kiafrika ambaye hajavunjika, na mwanawe Joe aliyefanywa msimamizi wa watumwa wenzake na kufundishwa kumwona mama yake kuwa shetani. Kuna Shango, anayechezwa na Mutabaruka, mshairi wa Jamaika. Watumwa hawa hawangoji mtu wa kuwahurumia. Wanapanga, wanakimbilia milimani, wanachoma miwa.

Kuiandaa na kuikamilisha kulichukua karibu miaka tisa. Fedha zilikuja kwa vipande: Ghana, Burkina Faso, televisheni za Ulaya. Shirikiana Aina akiwa mtayarishaji pamoja naye. Mwaka 1993 ikaingia kwenye mashindano ya tamasha la Berlin, na hilo si jambo dogo. Kisha wakarudi nayo Marekani, na hakuna kampuni ya usambazaji iliyoichukua. Hata moja. Filamu ya utumwa inayosimuliwa na watumwa wenyewe, tena wanaopigana, haikuwa na mnunuzi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana dada Binti Pangani anangoja hapa. Tangu mwaka 1982 Gerima na Shirikiana walikuwa na kampuni yao ya kusambaza, Mypheduh Films. Ilikuwa ndogo, ikizungusha kazi za weusi kwenye vyuo na vikundi vya jamii. Kwa hiyo Sankofa ilipokataliwa walikuwa na daftari la watu. Walikodi ukumbi wa sinema Washington. Angalieni vizuri tofauti hapa. Kawaida mwenye ukumbi na msambazaji wanagawana mapato ya mlangoni, na mwongozaji anakuwa wa mwisho kwenye foleni. Ukikodi ukumbi, unalipa kodi ya wiki kwa jumla, iwe watu wamejaa au hakuna mtu. Hasara ni yako, na kila tiketi ni yako.

Nani alikuja? Watu wa makanisani, wa saluni, wa vyama vya wanafunzi, wasikilizaji wa redio za jamii. Walialikana mtu na mtu. Gerima na mkewe waliwaita viongozi wa jamii waione kabla, na hao wakawa ndio tangazo. Washington ilijaa wiki baada ya wiki. Watu wa mji mwingine wakapiga simu: na sisi tunaitaka. Wakajibiwa: undeni kamati yenu, tafuteni ukumbi, tutaleta filamu. Ikaenda hivyo mji kwa mji, kila mji na kamati yake, watu wa kawaida wakijifunza kazi ya usambazaji kwa kuifanya.

Kilichonitoa machozi si fedha. Ni kwamba watu walibaki ukumbini baada ya taa kuwaka, wakazungumza. Mimi filamu yangu iliuzwa nchi nzima na sijawahi kukaa chumba kimoja na watu wanaoiangalia.

Fundi Taa

Mkuu hapo umenigusa. Na hela ya Sankofa ilikwenda wapi?

Mkanda Mama

Kwenye matofali, Fundi. Walipata jengo Georgia Avenue, Washington, ng'ambo ya barabara kutoka Howard, wakafungua duka la vitabu na filamu, na baadaye mgahawa, jina lake Sankofa. Sandwichi za pale zimepewa majina ya waongozaji weusi. Humo humo ndimo kazi zao za filamu zinamofanyikia. Filamu moja ikazaa nyumba, na nyumba ikawa mahali pa kuandikia na kuhariria filamu inayofuata. Mtaa ule umepanda bei na weusi wengi wamesukumwa nje, jambo ambalo Shirikiana Aina alilirekodi mapema sana kwenye Brick by Brick ya mwaka 1982. Mwaka 2019 kodi ya jengo, ile ya serikali na si pango, ilipowaelemea, majirani na wasomaji walisimama mbele ya halmashauri ya jiji kuwatetea, wakapata nafuu.

Teza nitaipita haraka kwa sababu inastahili uzi wake. Ni daktari wa Kihabeshi aliyesoma Ujerumani, anarudi kijijini kwake enzi za Mengistu, mtawala wa kijeshi wa Ethiopia, akiwa na mguu mmoja na kumbukumbu zilizovunjika. Miaka 14 tangu wazo hadi skrini. Walirekodi sehemu ya Ethiopia, fedha zikaisha, wakangoja, ndipo wakaenda kumalizia Ujerumani. Mwaka 2008 ilipata tuzo maalumu ya majaji na tuzo ya muswada bora kwenye tamasha la Venice, ikachukua Tanit ya dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage kule Tunisia, na mwaka 2009 ikabeba Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika sinema ya Afrika.

Binti Pangani

Kaka, nina swali ambalo linaninyima usingizi. Kwenye filamu yangu nimeweka nyimbo mbili za taarabu za zamani. Mwenye kunitajia bei anasema hilo "litajulikana huko mbele". Je, ni kweli?

Mkanda Mama

Dada, usikubali kauli hiyo. Nimemtaja Charles Burnett hapo juu. Killer of Sheep aliimaliza miaka ya 1970, wajuzi wakaisifu, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiorodhesha miongoni mwa filamu za kuhifadhiwa kwa taifa. Lakini haikutoka rasmi kwenye kumbi mpaka mwaka 2007. Karibu miaka 30. Sababu kubwa ilikuwa muziki. Alikuwa ameweka nyimbo nzuri mno za weusi bila kulipia haki zake, na zilipokuja kulipiwa gharama ilizidi mbali ile ya kutengenezea filamu yenyewe.

Watafute wenye nyimbo, au warithi wao, au kikundi. Ongea nao sasa wakati filamu haijajulikana. Pata maandishi. Ukishindwa, mtafute mpiga ganuni na mpiga fidla akupigie kitu kipya, umlipe, asaini.

Na kuhusu huyo wa bei, kabla hujasaini muulize mambo haya mdomoni kwake, umtazame usoni. Ananunua filamu, au anakodi haki ya kuionyesha? Kwa miaka mingapi? Nchi zipi? Kwa njia ipi: televisheni, mtandaoni, kumbi? Masta inakaa kwa nani? Muda ukiisha, inarudi bila kudaiwa? Mimi sikuuliza hata moja. Kisha andikisha kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla ya mazungumzo.

Sikuambii usiuze kabisa. Hata Gerima, mwaka 2021 Sankofa iliyosafishwa upya ilitoka kupitia ARRAY, kampuni ya mwongozaji mweusi Ava DuVernay, ikaingia Netflix, na wengi wakaiona kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo Jumba la Makumbusho la tuzo za Oscar lilimtunuku. Miaka 28 baada ya kukataliwa na kila msambazaji, kulikuwa na mkanda wa kusafisha kwa sababu mkanda ulikuwepo. Ulikuwa kwake.

Na mwanawe, Merawi Gerima, ametengeneza filamu yake mwenyewe, Residue ya mwaka 2020, kuhusu kijana anayerudi mtaani kwao Washington asiutambue. Nayo ilitoka kupitia ARRAY.

Mzee wa Matinee

Kijana, nilitaka kukaa kimya lakini nimeshindwa. Miaka ile, tulipokuwa tunaonyesha sinema mashuleni na kwenye kumbi za wilaya, tulikuwa tunafanya hayo hayo unayoyasimulia. Gari, projekta, jenereta, turubai jeupe. Tunalipa ukumbi, tunakusanya mlangoni. Tuliacha DVD zilipokuja kwa sababu ilionekana ni kazi ya kizamani. Turubai langu bado ninalo. Lina madoa kidogo pembeni.

Binti Pangani, uko Pangani kweli au ni jina tu?

Binti Pangani

Shikamoo babu. Niko Pangani kweli, ng'ambo ya kivuko, Bweni. Filamu yenyewe nimeirekodi hapa hapa, waendesha ngalawa wote ni wavuvi wa kwetu, na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Mzee wa Matinee

Marahaba mjukuu wangu. Basi huyo wa bei mwambie asubiri. Mimi niko Muheza.

Binti Pangani

Wakuu, narudi jioni hii na taarifa. Nimempigia yule mtu, nimemuuliza masta inakaa kwa nani. Akasema "hayo ni mambo ya kawaida, dada". Nikamuuliza tena. Akasema atanirudia.

Nimepita pia kwenye ukumbi wa harusi wa hapa kijijini. Una viti 180 vya plastiki na umeme wa uhakika. Jumamosi haipatikani, harusi tupu. Jumatano uko wazi, na mwenye ukumbi amepunguza bei aliposikia mjomba wake yumo kwenye filamu. Kamati tuko wanne mpaka sasa: mimi, mwalimu wa sekondari, dada wa saluni, na nahodha wa kivuko ambaye atawatangazia abiria wiki nzima.

Babu wa Muheza, turubai lako lina upana gani?

Mzee wa Matinee

Futi 12 kwa 9. Nimelianika.